Hospisi ya Nyota Tano

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeipata ile hospisi, na aliipata kwenye simu yake. Alikuwa amekaa kwenye kochi langu, huku Toronto, kwenye maghorofa ya mtaa wa Jane na Finch, viatu kavua lakini koti hajavua, maana alikuwa anarudi kwake Brampton na barabara kuu ilikuwa inaanza kujaa. Mama alikuwa chumbani amelala. Hospitali walikuwa wameshatuambia kwamba ini limekwisha, hakuna tena cha kupasua wala dawa ya kujaribu, na kwamba tutafute mahali pa kumtunza mpaka Mungu atakapomchukua. Mahali hapo ndipo panapoitwa hospisi. Siku hizi kila mtu huku anajua. Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, mimi nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwa Mswahili yeyote.

"Dada, hii ina nyota tano," akasema, akanigeuzia simu nione.

"Nyota za nani?"

"Za watu. Watu wameandika maoni yao."

"Watu gani? Wagonjwa?"

Akaniangalia kama ninamtania. Wallahi sikuwa ninamtania. Hebu niambie, mgonjwa wa hospisi anatoka lini akaketi kwake kuandika kwamba alitunzwa vizuri? Anayeijua kazi yao kwa mwili wake ameshazikwa. Wanaoandika ni watoto na wakwe, waliokuja na maua, wakakaa kidogo, wakaona pananukia, wakaondoka. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Dada, na wewe kila kitu ugomvi," akaamka kutafuta viatu.

Sitaki msomaji aone kwamba mdogo wangu ni mtu mbaya. Anaendesha lori, anapita mpaka wa Marekani na kurudi, na kila aliporudi alikuwa anakuja kwanza kwa mama kabla ya kwenda kwa mkewe. Mimi nafanya kazi jikoni kwenye shule ya msingi, North York, asubuhi mpaka mchana. Kumhudumia mama nyumbani tulijaribu. Siku alipoanguka bafuni mimi niko kazini, akakaa sakafuni mpaka niliporudi, yeye mwenyewe ndiye aliyesema basi, mnipeleke huko mnakokusema.

Ila alitoa sharti. Alituita wote wawili tukakaa kitandani pake, akasema kufa atakufa, hilo halimtishi, lakini asife kama alivyokufa mama yake. Bibi yetu alikufa kule Tanga kabla sisi hatujazaliwa, alikufa kwa maumivu, akilia mpaka majirani wakawa wanafunga madirisha. Mama alikuwa msichana, ndiye aliyekuwa akimshika mikono. "Nisife vile," akasema. "Mengine yote shauri yenu." Hakutuomba kaburi la Tanga, hakutuomba kitu kingine chochote. Tukamwahidi.

Tukaenda kuikagua hospisi. Meneja alitupokea mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye skafu nzuri shingoni na sauti ya kubembeleza, akatutembeza kama mtu anayeuza nyumba. Sebule ina moto wa ukutani. Kuna piano. Kuna ndege wadogo kwenye tundu kubwa. Vyumba vina dirisha linalotazama miti. Mdogo wangu akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka zulia alilisifu. Mimi nikauliza swali moja tu: mgonjwa akiumwa, inakuwaje?

"Hapa mgonjwa ndiye anayetuongoza," meneja akajibu. "Tunamwuliza mara nyingi kwa siku. Akisema anaumwa, tunachukua hatua mara moja. Sauti ya mgonjwa tunaiheshimu kuliko kitu chochote."

Nikaridhika. Ningefanyaje nisiridhike? Maneno yenyewe yalikuwa mazuri. Mama akahamia wiki ileile.

Kila nilipotoka kazini nilikuwa napanda basi kwenda huko, na kila nilipofika nesi wa zamu alikuwa ananipa habari njema. Mama yako hajambo. Mama yako ni mgonjwa mpole kuliko wote. Mama yako hana maumivu, tumemwuliza asubuhi, tumemwuliza saa sita, anasema yuko vizuri. Walikuwa wanampenda kweli, hilo siwanyimi. Walikuwa wanapita mlangoni pake kwa ajili ya kupungiwa mkono tu.

Nami nikiingia ndani namkuta mama ameibana ncha ya khanga kwenye kiganja, ngumi imekaza mpaka vidole vimebadilika rangi. Nikimgeuza kumfuta mgongo, anaacha kuongea katikati ya neno. Chakula hakili. Jasho linamtoka na chumba si cha joto. Nikimwuliza, "Mama, unaumwa?" anasema, "Aa, namshukuru Mungu. Umekula lakini?" Ndipo baada ya muda mrefu, tukishamaliza habari za kazini kwangu, za watoto wa mdogo wangu, na za yule mama wa msikitini aliyemwoza binti yake kwa Mmisri, anasema kwa sauti ya chini, kama anazungumzia jambo la mtu mwingine: "Salama tu, ila hapa mbavuni, mwanangu. Pananiuma mpaka naona giza."

Siku moja nikatoka mbio kwenda kwa nesi. Nesi akaangalia kompyuta. Akasema, "Lakini nimemwuliza muda si mrefu, akasema yuko vizuri." Kwa huruma kabisa, akarudi nami chumbani, akasimama mlangoni, akauliza kwa Kiingereza polepole na kwa sauti kubwa, kama mama ni kiziwi: "Unaumwa?"

Mama akatabasamu. Tabasamu lake lote. Akajibu Kiingereza chake kile cha shule ya wamishonari: "I am fine, thank you, and you?"

Nesi akanigeukia. Mnaona alivyonitazama? Kama mimi ndiye mwenye matatizo.

Siku nyingine wakamletea kadi yenye nyuso zilizochorwa, kuanzia uso unaocheka mpaka uso unaolia machozi, aonyeshe kwa kidole yeye ni upi. Mama akaonyesha unaocheka. Walipoondoka nikamwuliza, mama, mbona? Akanishangaa. "Sasa ulitaka nimwonyeshe mgeni uso wa kulia? Mwanamke mzima? Hata kukaa hajakaa!"

Jamani, hapo ndipo nilipofumbuka macho. Nilikuwa najiuliza kwa nini mama anawadanganya, kumbe mama hajamdanganya mtu. Amesalimiwa, na yeye ameitikia. Sisi tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza hali yako, hata kama mguu umekatika jana, unasema nzuri, halafu unamwuliza ya kwake, ya watoto, ya kazi, na kikao kikishatulia ndipo unasema kilichokusibu. Kumwaga shida zako kwa mtu aliyesimama, mkono mmoja kashika mlango, ni kumfukuza. Ni kama kumwambia sikutaka salamu yako. Na hawa watu walikuwa wanasimama mlangoni, wanapokea salamu, wanaiandika kwenye kompyuta kuwa ni ripoti ya ugonjwa, halafu wanakwenda zao. Mara nyingi kwa siku, kama walivyoahidi! Na kila mara mama anazidi kuonekana mzima.

Nikaomba kuonana na meneja. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, na Kiingereza changu cha jikoni, lakini nilieleza vizuri, najua. Akanisikiliza, kichwa kimeinama upande. Akasema anaelewa kwamba familia huumia kuliko mgonjwa. Akasema wakati mwingine sisi watoto tunayaona maumivu yetu wenyewe kwenye uso wa mzazi. Halafu akasema, na hili sitamsamehe mpaka naingia kaburini, kwamba si sahihi kumnyamazisha mama yangu kwa kusema badala yake.

Mimi! Mimi namnyamazisha mama! Nikamwambia, "Mama yangu hamjamsikia hata siku moja. Mmesikia salamu tu." Akasema, labda tatizo ni lugha. Ataleta mkalimani wa simu, wa kulipwa, mtu mwenye cheti, asiye wa familia, ili kusiwe na upendeleo.

Basi akaletwa mkalimani. Waliweka simu kwenye meza ya kitanda, spika wazi, nesi amesimama, mimi nimeambiwa nikae kimya. Ikatoka sauti ya kijana, laini, mwenye adabu zake zote.

"Shikamoo bibi."

Loo! Mama alivyofurahi! "Marahaba, mjukuu wangu, marahaba. Hujambo? Wa wapi wewe? Wazazi hawajambo?"

Kijana akasema hawajambo, akajieleza kidogo, kisha akaingia kazini. "Bibi, nesi anauliza, je, una maumivu?"

Sasa mfikirieni mama yangu. Kapata mjukuu, mwana wa watu, kamsalimia vizuri, yuko mbali kazini kwake, hata sura hawajaonana. Amwambie nini? Amwambie kwamba akienda haja analia? "Tunashukuru, mjukuu wangu," akasema. "Siku zinakwenda. Na wewe Mungu akuzidishie."

Kijana akatafsiri, na akatafsiri sawasawa: anashukuru, siku zinakwenda, anakuombea baraka. Nesi akaandika. Nikajiona nimefungwa mikono na miguu, na mama amelala pale ananitazama kwa fahari kwamba kijana wa watu amelelewa vizuri.

Nikampigia mdogo wangu, alikuwa njiani na lori. Nikamwambia nyota zake tano aende akazile. Kisha akauliza, "Kwani anaumwa kweli, dada?" Nikamwambia ndiyo, anaumwa kweli. "Mbona mimi nikimwuliza ananiambia hajambo?" Nilimkatia simu kwa hasira. Tena ni mwanawe wa kumzaa, mzaliwa wa Tanga, na Toronto imeshamfundisha kuuliza hali ya mtu funguo za gari zikiwa mkononi.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilichukua kiti cha kukunja, kile cha chuma tunachotumia wageni wakiwa wengi, nikapanda nacho basi la kwanza na la pili. Watu walinitazama, acha watazame. Pale hospisi kila chumba kilikuwa na kiti kimoja tu, kiti kikubwa cha kulalia, kizito, kimewekwa dirishani kwa ajili ya familia kutazama miti. Karibu na kichwa cha mgonjwa hakuna pa kukaa. Mtu akitaka kuongea na mama ilibidi asimame juu yake. Nikakikunjua kiti changu, nikakibana kati ya meza na kitanda, usawa wa mto.

Nesi wa zamu siku hiyo alikuwa mwanamke mrefu wa miwani, mgeni kama sisi, katoka nchi moja ya Ulaya ya mashariki. Alipoingia akasimama palepale mlangoni, akafungua mdomo kuuliza. Nikamwambia, "Usiulize kwanza. Kaa."

"Nina wagonjwa wengine."

"Najua. Kaa."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Akakaa, ukingoni, mtu wa kutaka kuondoka. Kiti kikalia kikii. Mama akastuka, akajivuta juu kwenye mto, akatengeneza khanga kichwani, maana sasa amepata mgeni. Akaniambia nimwulize mgeni kwao wote wazima. Nikamwuliza. Nesi akacheka kidogo, akasema wazima. Mama akauliza, mama yake yupo? Nesi akasema yupo, yuko nyumbani kwao, mbali, na magoti yanamsumbua, hawezi ngazi, na yeye hajamwona siku nyingi. Alipofika hapo akaegemea mgongo wa kiti, nadhani bila kujijua.

"Mwambie pole," mama akasema. "Mwambie ampelekee mama yake salamu zangu." Nikafikisha. Nesi akataka kusema neno, nikamwinulia kiganja, asubiri. Akasubiri, namshukuru kwa hilo.

Ndipo mama akasema: "Mimi magoti mazima. Mimi ni hapa." Akaufunua ubavu, akauchukua mkono wa yule mwanamke, akauweka pale panapouma, juu yake akaweka wake. Akaeleza yote. Panachoma vipi, panakata vipi, namna anavyoogopa kugeuzwa wakati wa kubadilishiwa shuka, namna anavyoiuma khanga asubuhi ili majirani wasisikie, majirani wenyewe ni mzee mmoja wa chumba cha pili. Nilikuwa natafsiri na machozi yananitiririka na sikujali. Mengine alikuwa hajaniambia hata mimi.

Nesi akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku niliyoingia humu," mama akasema.

Yule mwanamke alivua miwani. Akatoka, na mara hii hakutembea, alikimbia. Mchana haujaisha daktari ameshapigiwa simu, mofini, ile dawa kali ya maumivu, imeongezwa, na mama amelala usingizi ambao sijauona kwake tangu kiangazi, mdomo wazi, ngumi imefunguka, khanga imedondoka sakafuni. Nilikaa kwenye kile kiti nikawa naitazama ile ngumi iliyofunguka. Nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa nina hasira kiasi kwamba ningeweza kukitupa kiti dirishani. Kumbe iliwezekana! Dawa ilikuwemo kabatini muda wote, hatua chache kutoka kitandani kwake.

Mdogo wangu alipofika akaniuliza kama dawa hiyo haitamlaza moja kwa moja. Nikamwambia subiri aamke. Na alipoamka, jamani, aliamka mama yangu.

Aliamka akauliza nani kaipika chai hii. "Hii si chai, haya ni maji waliyosuuzia vikombe." Akasema pazia lina rangi ya ugonjwa. Akamwambia mdogo wangu kitambi hicho atakizaa lini. Akaniambia mimi nywele zangu zimekaa kama za mtu aliyefiwa, na yeye bado yuko hai, kwa hiyo nikasuke. Jioni alikuja mzee mmoja wa kujitolea kupiga piano sebuleni, mama akasema, "Nendeni mkamwambie akajifunzie kwao." Tulicheka mimi na mdogo wangu mpaka tukashikana mabega. Tulikuwa hatujamsikia akigomba kwa miezi. Huyu ndiye aliyetulea, mwanamke ambaye muuza samaki akimwona anakuja alikuwa anawageuza samaki upande mzuri kabla hajafika.

Kila siku ilikuwa hivyo. Chai ndiyo iliyomkera kuliko vyote. Nilikuwa namletea yangu kwenye chupa, ya tangawizi na maziwa, lakini lazima kwanza aionje yao, aisonye, aisukume, ndipo anywe yangu kwa raha.

Meneja akaniita ofisini. Skafu nyingine, nzuri vilevile. Akasema wafanyakazi wana wasiwasi. Mama amebadilika. Alikuwa mtamu, mwenye shukrani, sasa analalamika, anasukuma vikombe, anawasema watu kwa lugha yake. Wakati mwingine karibu na mwisho mgonjwa huchanganyikiwa, akasema, na ipo dawa ya kumtuliza. Anaomba tuifikirie.

Nilisimama. Mimi si mtu wa kupiga kelele ofisini kwa watu, lakini siku hiyo nadhani hata ndege wa sebuleni walinisikia. "Mtamtuliza nini? Yule mtamu mliyempenda alikuwa ni maumivu! Alikuwa hana hata nguvu ya kuchukia chai! Huyu anayewasonya ndiye mama yangu, na mtu yeyote akimgusa na dawa ya kumtuliza, mimi na yeye!" Meneja akasema nipumue. Nikamwambia nitapumua kwangu.

Hawakumpa. Yule nesi wa miwani alikataa pia, nilikuja kuambiwa baadaye. Yeye aliendelea kukaa kwenye kiti kila zamu yake, na mama akawa anamsema mbele yake kwamba amekonda, hajui kuvaa, na apelekewe chakula cha maana.

Alifariki asubuhi, mdogo wangu akiwa kwenye kile kiti na mimi pembeni ya kitanda. Alikuwa ametoka kumwambia mdogo wangu kwamba ndevu hazimpendezi. Akafumba macho, pumzi zikawa za mbali, za mbali zaidi, kisha hazikuja. Hakulia. Hakuna aliyefunga dirisha. Tulichomwahidi alikipata, ila alikipata kwa siku chache za mwisho tu. Zile za kabla yake, siku zote zile alizoiuma khanga huku watu wanaandika kwamba hajambo, nani atamrudishia? Mpaka leo nikizikumbuka nikiwa najaza sahani za watoto wa shule, naweka mwiko chini kwanza.

Tulimzika, theluji ilikuwa bado haijaanza kuanguka. Matanga yakaisha. Siku moja simu ikalia, binti mwenye sauti changamfu, anapiga kwa niaba ya hospisi. Pole kwa msiba. Wanapima ubora wa huduma yao na wangependa maoni ya familia, kuanzia moja mpaka tano, mama yangu alitunzwaje?

Nikamwambia, "Mwanangu, umekaa?"

Akasema amekaa. Nikamweleza. Nilimweleza yote, mlango, kadi ya nyuso, mkalimani, kiti. Nikamwambia asikilize vizuri: siku ambazo mama yangu alisema kila kitu kizuri, hizo zilikuwa siku mbaya, na siku ambazo alilalamika chai, hizo ndizo zilizokuwa nzuri. Nikamwambia hilo ndilo aliandike, na aliweke mahali meneja atakapolisoma. Nilikuwa nasikia vidole vyake vinagonga kompyuta. Vikanyamaza.

"Sawa," akasema. "Kwa hiyo hamkuridhika na chai."

Nilimwambia asante, nikakata simu.

Ilipita muda mrefu. Pale jikoni shuleni aliajiriwa mama mmoja Mkongomani, mtu wa Bukavu, tukazoeana, tukawa tunakatakata mboga meza moja. Siku moja akaniambia baba yake kahamishiwa hospisi. Akaitaja. Ileile. Mdogo wake ndiye aliyeipata, kwenye simu, ina nyota nyingi. Nikaweka kisu chini. Nikamwuliza wanamtunza vipi.

"Ni pazuri sana, dada," akasema. "Hata chai yao ni nzuri. Walisema zamani familia moja iliwalalamikia, ndiyo wakabadilisha."

"Na kiti? Karibu na kitanda kuna kiti?"

Akafikiri. Akasema hapana, kipo kimoja kikubwa, dirishani.

"Nesi akija anakaa wapi?"

"Anasimama mulangoni."

"Na mzee, anasemaje?"

"Aa, papa hana shida," akasema, akachukua karoti nyingine. "Kila mara wakimuuliza, anasema eko muzuri tu."

Nikafungua aproni, nikaenda kuvaa koti ili nikakichukue kile kiti cha kukunja.